Mume Wangu Analala Mita Elfu Tatu

Mume wangu analala mita elfu tatu juu,
nami nalala usawa wa bahari,
na kati yetu ni zipu moja.
Chumba ni kimoja, Makorora, nyumba ya kupanga,
bati linatoa joto la Februari hadi usiku wa manane,
na pembeni mashine ya kuazima kutoka Moshi
inanguruma kama jokofu lenye kinyongo,
inapepeta hewa, inamwachia makapi.

Hema ni la nailoni, limefunika godoro lake lote.
Bi Mwantumu wa chumba cha pili aliniuliza:
kifua kikuu, au mmenuniana?
Nikamjibu, Hoza anapanda mlima.
Akachungulia. Akaona nyayo mbili
zimesukuma nailoni, zimetulia tuli.
"Mbona hafiki?"

Mbelwa, mdogo wake, mpishi wa wageni,
aliondoka hapa kwa basi la alfajiri
na siku ya nne alikuwa anakaanga mayai juu ya mawingu.
Kichwa kikamgonga. Akameza vidonge viwili,
akaona haya kusema, maana vijana wa Machame
walikuwa wanapiga mluzi na mizigo kichwani.
Usiku kifua kikatokota kama birika.
Daktari aliandika: mapafu yamejaa maji.
Mtoto aliyejua kuogelea Raskazone
kabla hajajua kusoma
kazama mahali ambapo hata maji ya kunywa
hupandishwa kwa mabega ya watu.

Hoza amerithi mwiko wake.
Haraka yake ameikataa.
Wiki ya kwanza tulimpandisha elfu mbili na ushei,
ya pili tukaongeza kidogo, kidogo tena.
Mwili, anasema, ni mwanafunzi mzito:
ukiufokea unasahau hata ulichokijua.
Mimi ndiye karani. Saa nane za usiku naingiza mkono,
nambana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu,
naandika nyuma ya daftari la hesabu la Zuhura:
themanini na mbili.
Themanini na tano.
Themanini na nne, anaota kwa sauti.
Kule aendako kuna barafu; humu anapanda akichuruzika,
amekumbatia chupa ya maji niliyomgandishia,
na asubuhi nalikamua shuka lake uani.

Juzi LUKU iliisha saa tisa.
Mashine ikanyamaza, na mlima mzima
ukaporomoka chumbani bila vumbi.
Hoza akafungua zipu, akatoa kichwa kama kasa,
akavuta hewa ya Tanga, nzito, ya chumvi,
akaivuta kama mtu anayelipwa deni.
Gizani nikamwambia nililolikalia miaka miwili:
"Hema hili halijakula kiapo.
Kichwa kikikuanza huko, utasema?"
Kimya.
"Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, sawa.
Lakini huko kushuka ndiyo dawa, Hoza,
na mdogo wako aliikosa kwa haya tu."
"Nitasema."
"Sema sasa."
Akakohoa. Akacheka kidogo. Kisha:
"Kichwa kinaniuma. Nishusheni."
"Sijasikia."
"Kichwa kinaniuma, nishusheni!"
Ukutani Bi Mwantumu akagonga, akauliza kuna nini.
Tukarudia kwa kunong'ona,
mara kumi, mara ishirini,
hadi maneno yakamtoka bila kumkwaruza koo,
hadi adhana.

Jana ameondoka.
Usiku nimekibana kidole changu mwenyewe:
tisini na nane.
Nimeandika tarehe, nimeandika namba,
safu yake nimeiacha wazi.
Kisha nikalala katikati ya godoro,
nikashindwa,
nikajisogeza upande wangu.